Pumu iliyoandikwa nimonia: dawa ya kupuliza ilichelewa wapi?

SEHEMU YA 1

Leo naanza mfululizo mpya, na nauanza kwa kujisema mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka mitatu. Kilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa, vumbi kila mahali, asubuhi baridi. Mtoto anapumua harakaharaka na kifua kinalia. Tabibu alikuwa safarini, nikabaki mimi. Nikahesabu pumzi dakika nzima kama nilivyofundishwa, zikafika 52. Kwa umri wake, 40 na kuendelea ni nimonia. Nikaandika kwenye rejesta, nikampa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, nikampangia siku ya kurudi. Bibi akaipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Nesi, hii si ndiyo ile ile?"

Nikafungua rejesta kurudi nyuma. Juni yupo. Julai yupo. Agosti yupo tena. Mara mbili mwandiko ni wangu, mara moja wa mwenzangu. Mara zote nimonia, mara zote dawa ile ile, na mara zote alipona baada ya siku chache, kwa hiyo kila mmoja wetu alijiona kafanya kazi nzuri. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Tulifuata mstari wa karatasi hadi mwisho na tukafika mahali pasipo penyewe.

Yule mtoto alikuwa na pumu.

Sasa, nikiwa huku Lingeka, Bariadi, wazazi bado wananiuliza kwa nini mtoto wa mjini anapewa kopo la kupuliza na wa kijijini anapewa vidonge na "antibayotiki". Jibu fupi ni hela. Jibu refu ni historia, na nadhani historia inaeleza zaidi kuliko hela. Twende nayo taratibu.

SEHEMU YA 2

Kabla ya makopo, watu walivuta moshi. Najua inachekesha, mtu kifua kimebana unampa sigara, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Waingereza waliokuwa India waliona wagonjwa wa huko wakivuta mnanaha, yule mmea wenye matunda ya miiba unaoota majalalani hata kwetu, na wakaupeleka kwao. Kwa zaidi ya miaka 100 sigara za pumu ziliuzwa madukani Ulaya na Marekani. Mnanaha unalegeza njia za hewa kweli, ila ni sumu. Unakausha mdomo, unapandisha mapigo ya moyo, ukizidi unamfanya mtu aweweseke. Tafadhali usiende kuuchuma.

Wengine walitumia kahawa nzito. Daktari Henry Salter wa London, aliyekuwa na pumu mwenyewe, aliiandika kahawa kuwa tiba nzuri katika kitabu chake cha mwaka 1860. Hakuwa anaota. Ndani ya kahawa na chai kuna ndugu wa dawa iitwayo teofilini, ambayo Mjerumani Albrecht Kossel aliitoa kwenye majani ya chai mwaka 1888. Kutoka hapo ikatengenezwa aminofilini. Wauguzi wa rika la mama zangu wanaijua vizuri. Ikiwa kidogo haifanyi kitu, ikizidi kidogo tu mtoto anatapika, moyo unakimbia, anaweza hata kupata degedege. Kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru nafasi ni nyembamba sana, na kwa mtoto wa kilo 11 ni nyembamba zaidi.

Halafu kuna adrenalini, iliyoanza kudungwa kwa wagonjwa wa pumu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na efedrini, iliyotoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia tangu zamani. Zote zilisaidia, na zote zilipita mwili mzima ili kufika sehemu moja tu, kifuani.

Kopo lenyewe limetokana na swali la mtoto. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1950, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kubonyeza kama manukato ya nywele. Baba yake, George Maison, ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Mwaka 1956 makopo ya kwanza yakaingia sokoni.

Mambo hayakwenda vizuri moja kwa moja. Miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda Uingereza na nchi nyingine kadhaa, hasa kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, na lawama nyingi ziliangukia makopo ya dawa kali ya isoprenalini. Mwaka 1969 ikaja salbutamoli, kazi ya timu ya David Jack kwenye kampuni ya Allen & Hanburys huko Uingereza, inayofungua njia za hewa bila kuusumbua moyo sana. Mwaka 1972 kampuni hiyo hiyo ikatoa beklometasoni ya kupuliza, steroidi ambayo haifungui kifua papo hapo bali inatuliza uvimbe wa ndani siku hadi siku, ili shambulio lisije.

Ukikumbuka jambo moja tu kwenye sehemu hii, kumbuka miaka hiyo miwili. Dawa mbili ambazo mtoto wa pumu anazihitaji zaidi, ya kuokoa na ya kukinga, zina umri wa zaidi ya nusu karne. Si teknolojia mpya.

SEHEMU YA 3

Kama zilikuwepo, kwa nini hazikufika zahanati?

Kwanza, kuna imani iliyokaa muda mrefu kwamba pumu si ugonjwa wa mtoto wa kijiji cha Afrika. Na haikuwa uzushi mtupu, ilikuwa na takwimu. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Kixhosa wa Afrika Kusini, waliopimwa kifua baada ya kukimbizwa. Walioishi Cape Town waliobanwa walikuwa zaidi kidogo ya 3 katika kila 100. Ndugu zao wa vijijini Transkei hawakufika hata 2 katika kila 1,000. Zimbabwe nako, mwaka 1991, wakapata picha inayofanana na hiyo, Harare juu na kijijini karibu na sifuri.

Basi ikawa hivyo. Pumu ni ya mjini, na kijijini tuna malaria, kuhara, surua na nimonia. Aliyepanga dawa za zahanati akapanga kwa mujibu wa hilo, nami simlaumu sana, maana watoto walikuwa wanakufa kwa hayo manne.

Shida ni kwamba watafiti wale walipima watoto wa shule wakiwa wamekimbia, si mtoto wa miaka miwili anayelala pembeni ya mafiga nyumba ikiwa imejaa moshi wa mabua ya pamba. Na miji nayo haikukaa ilipokuwa. Bariadi niliyoijua nikiwa mdogo na Bariadi ya leo, makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012, ni vitu viwili.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo penye kiini, nitakaa kidogo.

Miaka ya 1980 Tanzania ilifanya jambo kubwa ambalo wengi wetu hatujui kama ni letu. Wilayani Bagamoyo, Daktari Mtango na mwenzake Neuvians waliwatumia wahudumu wa afya wa vijiji kupita nyumba kwa nyumba, kuwafundisha akina mama dalili za nimonia, kuwapa watoto wagonjwa ko-trimoksazoli, ile tuliyoizoea kama Septrin, na kuwapeleka mbele waliozidiwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986. Ndani ya miaka miwili vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya robo.

Huwezi kuudharau ushindi huo. Hakuna eksirei, hakuna maabara, hata stetoskopu si lazima. Kuna jicho, saa, na hesabu. Mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 na kuendelea kwa dakika. Wa mwaka 1 hadi 5, 40 na kuendelea. Hesabu hii ilitokana na kazi ya madaktari waliohangaika na tatizo hilo hilo Papua New Guinea, na Shirika la Afya Duniani likaisambaza kila mahali. Mwaka 1996 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuanza mpango tunaouita IMCI, unaomtazama mtoto mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, na hesabu ile ikaingia humo. Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia 50 na 40 kabla sijakutajia jina langu.

Lakini hesabu haina masikio. Mtoto mwenye nimonia anapumua haraka. Mtoto mwenye pumu anapumua haraka. Saa haijui tofauti. Karatasi za mwanzo za IMCI zilituambia tusikilize mkoromo anapovuta hewa ndani. Mluzi anapotoa hewa nje, ule wa pumu, haukuwa na nafasi yake pale kwenye uamuzi.

Tena kuna kitu kinachodanganya zaidi. Kubanwa kwa mtoto mdogo mara nyingi huanzishwa na mafua, na kwa wengi hutulia kwenyewe baada ya siku kadhaa. Ukimpa amoksilini Jumatatu na akapata nafuu Alhamisi, amoksilini inachukua sifa. Mama anaamini, nesi anaamini, MTUHA inapokea "nimonia 1", wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha, na mwaka unaofuata dawa zinaagizwa kwa hesabu hiyo. Pumu haionekani kwenye takwimu kwa sababu haiandikwi, na kopo haliagizwi kwa sababu pumu haionekani. Ni mzunguko, na kalamu inayouzungusha ni hii yangu.

Walioanza kuukata mzunguko huo kwa takwimu ni madaktari wa mbali kidogo na wa jirani. Pakistani, kikundi cha Daktari Tabish Hazir kiliwachukua watoto 1,622 waliokuwa na mluzi pamoja na kupumua haraka au mbavu kuingia ndani, kikawapulizia dawa ya kufungua kifua hadi mara tatu kabla ya kuwaita wana nimonia. Kwa waliopumua haraka bila mbavu kuingia ndani, yapata 6 katika kila 10 pumzi zao zilitulia. Hiyo ni 2004. Mwaka 2005 maboresho ya IMCI yakasema wazi: ukisikia mluzi, mpulizie kwanza, kisha hesabu tena, ndipo uamue.

Jirani yetu ni Uganda. Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Rebecca Nantanda na wenzake waliwachunguza kwa makini watoto 614 wa chini ya miaka mitano walioletwa na kikohozi au kupumua kwa shida. Matokeo yalitoka 2013. Karibu 4 katika kila 10 walikuwa na pumu, na wengi wa hao hawakuwahi kuambiwa hivyo. Kampala, sio London. Ni ng'ambo tu ya ziwa letu.

Nilipousoma utafiti ule nilimkumbuka yule bibi na swali lake.

SEHEMU YA 5

Sasa vidonge na sirapu. Wenzangu wengine hapa watanuna kidogo.

Salbutamoli ilipofika ngazi za chini ilifika zaidi kwa sura ya kidonge na sirapu. Inaeleweka: kidonge ni rahisi, kinahesabika, hakihitaji mafunzo, na mama anaamini anachokiona kinamezwa. Mpaka leo ukienda duka la dawa na mtoto anayekohoa unaweza kupewa sirapu ya kikohozi yenye salbutamoli ndani bila hata kuambiwa.

Fanya hesabu nami. Pumzi moja ya kopo ni mikrogramu 100. Nusu ya kidonge cha miligramu 2 ni miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000, sawa na pumzi kumi. Na zile kumi hazielekei kifuani. Zinapita tumboni, zinazunguka damu nzima, zinachelewa kufika, na njiani zinatikisa mikono, zinakimbiza moyo na kumnyima mtoto usingizi. Mama anakwambia "hiyo dawa inamfanya mwanangu atetemeke", nasi tunamjibu avumilie. Kumbe mama ana hoja. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri salbutamoli ya kumeza isitumike kutibu mluzi wa mtoto, isipokuwa pale ya kupuliza haipo.

"Isipokuwa pale haipo." Maneno hayo matatu manne ndiyo yametushikilia. Kwetu kilichokusudiwa kuwa dharura kimekuwa kawaida.

Mwongozo wetu wa taifa wa matibabu una orodha ya dawa muhimu, na pembeni ya kila dawa kuna herufi inayosema ianzie ngazi gani, A ikiwa ndiyo sisi wa zahanati. Muuguzi mwenzangu, ufungue ukurasa wa pumu uisome herufi hiyo mwenyewe, kisha muulize mganga mfawidhi wako mara ya mwisho kopo liliombwa lini Bohari ya Dawa. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bure. Bure hiyo ni ya kilichomo kabatini. Kisichokuwepo kinanunuliwa, na kwa familia ya vibarua wa kupalilia kopo moja si fedha ya mchezo.

Na wazazi, nanyi mna la kwenu. "Ukianza kupuliza hutaacha." "Kopo ni la aliyeshindikana." Nimeyasikia Kanadi, nimeyasikia Bariadi mjini, nimeyasikia kwa shangazi yangu mwenyewe. Kopo haliletii mtoto uraibu. Ni dozi ndogo iliyopita njia fupi.

Nisieleweke vibaya: sio kila mluzi ni pumu. Mtoto chini ya miaka mitano hawezi kupuliza kipimo cha pumzi vizuri, kwa hiyo jina la pumu tunalipata kwa kumfuatilia: mluzi unaorudi, kikohozi cha usiku, kubanwa akicheka au akikimbia, mzazi mwenye pumu, mtoto mwenye ile tunayoiita pumu ya ngozi, na kifua kufunguka akipuliziwa. Mtoto aliyeanza kubanwa ghafla akiwa anatafuna karanga ni habari nyingine kabisa, huyo anaweza kuwa na punje ndani, kimbiza hospitali. Kikohozi kisichoisha na uzito unaoshuka, fikiria kifua kikuu. Na anayebanwa hadi mbavu zinaingia ndani, anashindwa kunyonya au midomo inabadilika rangi, hasubiri kusoma posti. Mpeleke sasa hivi.

SEHEMU YA 6

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza kopo na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa inaishia ulimini. Kinachotakiwa ni spesa, kichupa kinachokaa kati ya kopo na mdomo ili dawa ielee humo naye aivute kwa pumzi zake za kawaida. Za kiwandani ni ghali na hazipatikani kirahisi.

Mwaka 1999 Daktari Heather Zar na wenzake, hospitali ya watoto ya Red Cross jijini Cape Town, walilinganisha spesa za dukani na chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500. Chupa iliyotobolewa na kuzibwa vizuri pale kopo linapoingia ilifungua vifua sawasawa na ya dukani. Kikombe cha plastiki laini kile cheupe ndicho kilichofanya vibaya zaidi.

Kwenye vitabu vya IMCI kuna maelezo ya kuitengeneza, na nina hakika wengi wetu tuliyapita haraka siku ya semina tukisubiri chai. Unatoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa kopo. Unakata robo ya juu unaitupa. Kwenye ukingo unakata alama ya V ili pua ya mtoto ikae, kisha unaulainisha ukingo kwa moto wa mshumaa usimkate. Ikiwa mpya unaipulizia mara nne tano kabla ya kumpa mtoto, maana plastiki mpya inavuta dawa kwenye kuta zake. Idadi ya pumzi za mtoto wako utaambiwa kituoni, usikopi ya jirani.

Yule mjukuu nilimpa rufaa, na hospitali walimpulizia, kifua kikafunguka mbele ya macho ya bibi. Akarudi kijijini na kopo moja na chupa ya maji iliyokatwa. Ndiye aliyenionyesha anavyofanya, si mimi niliyemfundisha. Anamkalisha mapajani, anamwambia apumue kama anavyolala, anahesabu kwa Kisukuma kwa sauti.

Kopo la salbutamoli lina pumzi 200, na mengi hayana namba ya kuonyesha zimebaki ngapi. Likiisha linaendelea kutoa upepo, na unaweza kumpulizia mtoto upepo mtupu usiku mzima. Bibi alilijua hilo bila kusoma. Ukutani, juu ya kitanda, alikuwa na safu za mistari ya mkaa, tano tano, mmoja kwa kila pumzi.

Nilipopita kwake mwezi Machi mistari ilikuwa 168. Akaniuliza, "Mayu, hili likiisha, kwenu lipo?"

Nikamwambia nitaulizia.